Ukiwa na Haraka, Panda Matatu

Ndiyo, ni mimi. Yule msichana wa ile video ya Julai, mwenye aligeuza ndege akarudi Wilson huku familia nzima ikimngoja Nanyuki na mbuzi ameshachinjwa, ni mimi. Binamu yangu ndiye aliiweka TikTok, akaandika juu yake "Rubani wetu ameogopa mawingu," na emoji tano za kucheka. Mkacheka. Mimi pia nilicheka, lakini siku ya tatu.

Tangu hapo mnaniuliza maswali kila siku. Huogopi? Uko na pesa ngapi wewe? Hizo ndege ndogo si ni jeneza na propela? Na lile la kuudhi zaidi: kama unajua kuendesha, mbona ulirudi? Leo nitajibu yote, na maoni yangu nimechanganya humo ndani. Mnaweza kuyakataa, hakuna shida.

Kwanza tuelewane. Mimi si rubani wa zile ndege za kwenda Dubai. Hakuna mtu ananilipa kuruka. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na ndege ni kitu nafanya wikendi nikiwa na doh, na mara nyingi sina. Leseni yangu inaitwa PPL, ya rubani binafsi. Unaweza kubeba watu lakini huwezi kuwafanya biashara. Ili kuipata lazima uwe umefika miaka 17, upimwe na daktari, ufanye mitihani, na uwe umeruka saa zisizopungua 40. Mimi nilimaliza na 58, kwa sababu kila pesa ikiisha nilikaa miezi miwili chini, na nikirudi nimesahau nusu ya mambo. Saa moja ya kukodi ndege inameza kodi yangu ya nyumba na bado inaangalia mfuko. Kwa hivyo wale mnadhani mimi ni mtoto wa waziri, poleni. Nimekula ndengu miaka mitatu.

Sasa ndege zenyewe. Ukiingia ndani ya Cessna 172 mara ya kwanza utasikitika. Ulitarajia sinema. Unapata kiti kimechanika kidogo, mlango unafungwa kama wa Probox, na harufu ya petroli na jasho la wanafunzi wa miaka yote. Ile naendeshanga mimi ilitengenezwa kabla mama yangu hajamaliza shule ya msingi. Binamu yangu aliiona akauliza, "Hii ndiyo ile ya kufanyia majaribio, si ndiyo? Yenyewe iko wapi?"

Maoni yangu ya kwanza: uzee wa ndege si shida. Shida ni uzee bila fundi. Cessna 172 ilianza kuuzwa 1956, na mpaka leo zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine duniani imetengenezwa kwa wingi hivyo. Mwishoni mwa 1958 jamaa wawili, Robert Timm na John Cook, walipaa na moja kule Las Vegas na hawakutua mpaka Februari 1959. Siku 64 angani! Mafuta na chakula walivuta kutoka kwa lori lililokuwa likikimbia chini yao. Mwaka 1987 kijana Mjerumani wa miaka 18, Mathias Rust, aliendesha moja kutoka Helsinki akaenda kutua karibu na Red Square, Moscow, jeshi zima la Wasovieti likiwa macho. Msiige hiyo, alifungwa. Ninachosema ni kwamba hiki kigari chenye mabawa kimeona mambo.

Na ni kigari kweli. Injini ya silinda nne, inapozwa na upepo. Kitu kimoja nakipenda sana ni magneto. Ziko mbili, kila moja na plagi zake, na zinatoa cheche zenyewe bila kuomba betri. Betri ikifa angani, redio na taa zitaondoka, lakini injini itaendelea kunguruma kama hakuna kitu kimefanyika. Simu yako haiwezi hivyo.

Najua wale wa Piper wameshaanza kukunja sura. Ukikaa Wilson nusu saa utasikia huu ubishi: mabawa juu kama Cessna, au mabawa chini kama Piper? Ni kama Gor na AFC. Mimi ni wa mabawa juu, na sababu yangu si ya kitaalamu sana. Ukiruka Kenya na bawa liko chini yako unajifichia nchi. Ukitoka Wilson, dakika chache tu uko karibu na twiga wa Nairobi National Park. Utalipa pesa yote hiyo ili uangalie bati? Pia bawa la juu ni mwavuli mkinyeshewa mkisubiri. Na mafuta: kwenye 172 kuna swichi inayoruhusu tanki zote mbili zilishe injini pamoja. Kwenye Piper unachagua kushoto au kulia, na lazima ukumbuke kubadilisha. Mimi husahau sufuria kwa jiko. Nijue nafsi yangu.

Lakini niwe mkweli, wa Piper wana hoja moja. Ukipinda na Cessna, bawa linashuka na kuziba pale pale unapoelekea. Kwa hivyo nimefundishwa kabla ya kupinda ninyanyue bawa kwanza, nichungulie, ndipo nipinde. Ni kama kutazama kioo kabla ya kubadilisha leni Thika Road. Tofauti ni kwamba huku hakuna honi.

Hilo la kuchungulia si mchezo. Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria ziligongana juu ya Nairobi National Park. Ndege ya abiria ilirudi Wilson salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye 172 walikufa. Wiki hiyo Wilson ilikuwa kimya namna sijawahi kusikia, na pale si mahali pa kimya. Sisemi nani alikosea, hiyo si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo sishiki simu nikiendesha, hata kwa sekunde moja. Mnauliza mbona kontenti yangu ya ndege inatoka mara moja kwa mwezi na imepigwa kwa pembe mbaya. Ni kwa sababu anayeshika kamera ni abiria, na abiria wangu hawajui kupiga.

Turudi Wilson. Uwanja huo umepewa jina la mama mmoja, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Nikichoka na watu wa kuniuliza kama wasichana wanaweza, huwa nawaonyesha tu bango la getini.

Kitu ambacho bango halikuambii ni kwamba Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Ndiyo maana wakimbiaji wetu wakishuka kwenda mbio za huko chini wanawaacha watu, na ndiyo maana ndege yangu inahema. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu yake, na jua likiwaka inapoteza zaidi. Mabawa nayo yanabeba vibaya, propela inavuta vibaya. Mtu aliyejifunzia Mombasa akija hapa saa saba mchana Februari anashangaa mbona barabara ya kurukia inaisha na yeye bado yuko chini. Hakuna kitu kimeharibika. Ni Nairobi tu.

Ndiyo maana kabla ya safari yoyote nafanya hesabu ya kilo, na hapo ndipo urafiki huvunjika.

Stori yenyewe inaanzia hapa. Shosho yangu alikuwa anatimiza miaka 80. Anaishi Nanyuki. Mimi ndiye nimepewa jina lake, kwa hivyo ananiita Wajina. Tangu nianze kusomea urubani alikuwa ananiambia kitu kimoja: "Wajina, nataka kukuona ukishuka kutoka juu kabla sijapanda mimi huko juu." Mnaelewa uzito wa hiyo sentensi? Sasa Jumamosi ya sherehe ikapangwa. Mimi nitatua Nanyuki saa nne asubuhi. Yeye atakuwa amekaa kwa kiti uwanjani na wamama wa kanisa. Tungeenda na binamu yangu, anti yangu, na mjomba.

Ndege ina viti vinne, sawa. Lakini viti vinne si watu wanne. Yangu hairuhusiwi kuzidi kilo 1,043 ikianza kupaa. Yenyewe tupu na redio zake ni karibu 670. Tanki zikijaa mafuta ni kilo 109 hivi. Toa. Unabaki na 264 za watu na mizigo yao. Hesabu ya darasa la sita. Mimi nina 61.

Ijumaa jioni nikaenda na mizani ya bafuni kwa anti. Wasee, kuna mambo magumu duniani, lakini kumwambia anti yako apande mizani mbele ya watoto wake ni kiwango kingine. Akaniambia, "Andika sabini." Nikamwambia, "Anti, ndege haisomi ile unaandika." Akapanda. Ile nambari nitazikwa nayo. Halafu akaleta gunia la maembe ya shosho. Nikakataa gunia. Mjomba akapanda mizani ikasema 104, nikapiga hesabu mara mbili, nikamwangalia.

"Ni mimi naachwa?" akauliza.

"Ni wewe, mjomba. Pole."

Akachukua gunia la maembe akaweka begani. "Hakuna noma. Nitapanda matatu asubuhi. Tutaonana huko na hiyo bodaboda yenu ya juu."

Wamarekani wana msemo wao kuhusu ndege ndogo, na mwalimu wangu wa kuruka, mzee mpole anayevaa sweta hata Januari, anausema kwa njia yetu: "Ukiwa na muda, endesha ndege. Ukiwa na haraka, panda matatu." Nilikuwa nacheka kila akisema.

Jumamosi ikafika. Mnajua Nairobi ya Julai. Saa mbili asubuhi wingu lilikuwa limekalia Wilson kama blanketi. Leseni yangu ni ya kuruka nikiona, yaani macho yangu lazima yaone ardhi na upeo. Wingu likishuka, sina ruhusa na sina ujuzi. Tukakaa. Nikaikagua ndege pole pole. Nikachota mafuta kidogo kutoka kila tanki nikaangalia kwa kikombe: petroli yetu ina rangi ya buluu, na maji yakiwemo yanakaa chini kama yai. Hakukuwa na maji. Nikachovya kijiti kwenye tanki kupima, kwa sababu mshale wa mafuta wa ndege ya zamani ni wa kupamba tu. Saa tatu. Saa nne. Binamu yangu ameshapiga picha mia mbili. Anti amelala kwa benchi na kofia usoni. Saa nne na nusu mjomba akapiga simu.

"Nimefika. Mko wapi?"

Saa tano na robo wingu likapasuka, jua likatoka, tukapaa. Niwaambie, kwa zile dakika kumi na tano za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kenya. Kiambu chini na majani chai yake yamechanwa kama nywele. Thika kule kulia. Binamu yangu anapiga kelele kwenye hedisetI hadi nikamwambia anyamaze nisikie mnara. Anti ameshika rozari lakini anatabasamu.

Sasa mnisikilize kwa hii sehemu, kwa sababu ndiyo video haikuonyesha.

Njia ya kwenda Nanyuki inapita katikati ya milima miwili. Kushoto ni Aberdares, inafika karibu mita 4,000. Kulia ni Mlima Kenya, mita 5,199. Katikati kuna mlango, kule upande wa Nyeri, na ardhi ya huo mlango inapanda unavyoendelea. Julai wingu hupenda kukaa pale. Kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nimejiandikia sheria kwa karatasi na kuibandika pajani: nikiwa usawa wa Murang'a, nisipoona wazi mpaka Nyeri, narudi. Mwalimu alinifundisha hivyo. Uamuzi fanya ukiwa chini, na chai mkononi, si juu ukiwa na watu.

Nikafika usawa wa Murang'a. Nyeri sikuiona. Niliona ukuta wa kijivu, na chini yake ufa wa mwanga.

Nikaendelea.

Dakika tano. Mnasikia? Nilikuwa na sheria yangu pajani, nimeiandika mwenyewe, na nikaendelea dakika tano. Nilijiambia ule mwanga ni Nyeri. Nilijiambia shosho amekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Nilijiambia binamu yangu anarekodi. Nikashuka kidogo ili nibaki chini ya wingu. Ardhi ikapanda kidogo. Nikashuka tena. Nikaanza kuona mabati ya nyumba za watu vizuri kuliko nilivyotaka, na matone ya mvua kwenye kioo, na ule ufa ukafumba kama jicho.

Hapa niwaeleze kitu ambacho wengi hawajui. Watu wanaogopa injini kuzima. Injini ikizima, ndege haianguki kama jiwe. Inakuwa kipanga mzito. 172 ikiwa futi 1,000 juu ya ardhi inaweza kuteleza karibu kilomita mbili na nusu bila injini, na tunalifanyia mazoezi hilo mpaka tuchoke. Mwalimu anavuta mtambo wa nguvu, anasema, "Injini imekufa. Unaenda wapi?" na lazima uonyeshe shamba.

Kinachoua watu kama mimi ni wingu. Ukiingia humo bila mafunzo, sikio lako linakudanganya. Unahisi uko sawa kumbe umelala ubavu, unazunguka kwenda chini. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua watu 20 wasiojua kuruka kwa vifaa, wakawaziba wasione nje. Wote 20 walipoteza ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hata dakika tatu hazifiki. Na mnajua ule utafiti ulikuwa wa nini hasa? Ulikuwa wa kuwafundisha watu kugeuka na kurudi. Wakishafundishwa, karibu wote waliweza. Kugeuka ni somo, lilifanyiwa utafiti, lina jina.

Na Aberdares haihitaji utafiti wa Wamarekani. Juni 2018 ndege ya abiria kumi kasoro wawili, na marubani wawili, ilitoka Kitale kuja Nairobi ikaishia kwenye ule mlima. Watu 10, hakuna aliyepona. Ilikuwa Caravan, kubwa kuliko yangu mara nyingi. Nilikuwa bado shuleni, nakumbuka tukitazama habari.

Niliyafikiria hayo yote? Hapana. Nilichofikiria ni sauti ya anti. Hakusema kitu kikubwa. Alisema tu, kwenye hedseti, sauti ndogo: "Mami, unaona mbele?"

Nikataka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umefunguka kusema ndiyo.

"Sioni," nikasema. "Tunarudi."

Nikanyanyua bawa la kushoto, nikachungulia, nikapinda pole pole mpaka mkia ukaangalia Nyeri. Nyuma yetu kulikuwa kweupe. Jua mpaka Thika. Hapo ndipo binamu yangu alianza ile video, ndiyo maana mnaona anga ya buluu na kuuliza, "Mawingu gani sasa?" Kamera ilikuwa inaangalia tulikotoka. Alisema, "Aki wewe, hivi tu?" na sauti yangu mnaisikia ikijibu, "Hivi tu." Magoti hamyaoni. Yalikuwa yanatetemeka.

Tulipotua Wilson nililipia saa moja na dakika kumi za kutokwenda popote. Hiyo ni pesa ya harusi mbili. Nikamwandikia mwalimu ujumbe. Nilimwambia nimerudi. Nikafuta. Nikaandika tena nikaongeza zile dakika tano. Alijibu: "Kurudi, vizuri sana. Dakika tano, njoo Jumatatu tuongee." Jumatatu aliniongelesha, na sitawaambia yote, ila alisema hivi: mtu anayejadiliana na wingu tayari ameshaingia.

Halafu ikabidi nimpigie shosho. Nilitembea mpaka nyuma ya gari za mafuta ili mtu asinione. Mjomba ndiye alishika simu, nyuma nasikia wamama wanaimba. Akampa.

"Shosho, sijafika. Kulikuwa na wingu. Nimerudi Nairobi."

Kimya.

"Uko chini?" akauliza.

"Niko chini."

"Na wale wengine?"

"Wako chini, shosho."

"Basi ni sawa." Halafu akawaambia wale wamama kwa Kikuyu kwamba mtoto ameshuka salama, na wakapiga vigelegele! Vigelegele, wasee, kwa ndege ambayo haikuja.

Jumapili asubuhi nilipanda matatu. Saa nne hivi barabarani, dereva anaimba, mtu wa nyuma na kuku. Pale Nyeri niliangalia juu. Wingu lilikuwa bado limekaa palepale, chini kabisa, linagusa miti. Tuliingia ndani yake na taa zimewashwa. Nikaweka kichwa kwa dirisha nikatulia tu.

Shosho alikuwa ameniwekea nyama. Alinikalisha jikoni akaniangalia nikila.

"Ulipogeuka, uliogopa?"

"Niliogopa kabla sijageuka, shosho. Nilichelewa kidogo kugeuka." Sijui mbona nilimwambia. Sikuwa nimemwambia hata mama.

Akaninyooshea chumvi. "Babu yako alikuwa na lori. Watu walimcheka sana. Mvua ikinyesha analala Karatina na mzigo wa watu. Wale waliomcheka nilienda mazishi yao." Akasimama kuosha vikombe. "Kula."

Sasa swali lenu, kama unajua kuendesha, mbona ulirudi? Jibu langu ni hilo. Kupaa na kutua nilifundishwa kwa miezi michache, hata wewe ungeweza. Kusema "tunarudi" na watu wanakuangalia, na simu inarekodi, na mtu unayempenda amekaa kwenye kiti cha plastiki anakungoja, hiyo bado najifunza. Nilichelewa dakika tano. Mara nyingine nataka nichelewe sifuri. Na wale mnaojua kuendesha pikipiki, gari, hata wale mnakubali lifti usiku na mtu amelewa kwa sababu mnaona aibu kushuka, nadhani mnanielewa bila ndege.

Septemba nilijaribu tena. Anga wazi, milima yote miwili imesimama uchi, Nyeri nikaiona hata kabla ya Murang'a. Nilitua Nanyuki saa tatu na nusu, kutua kubaya, ndege iliruka mara mbili kama sungura, na yeye alikuwepo na shuka lake na kile kiti. Akaizunguka ndege yote. Akaigonga bawa na vidole.

"Ni bati?"

"Ni bati, shosho."

"Na injini ni ngapi?"

"Ni moja."

Akaangalia propela, akaniangalia mimi. Nikamwambia tukae pamoja, nimzungushe dakika kumi tu, aone shamba lake kutoka juu. Anga ilikuwa safi kabisa.

"Mimi nilitaka kukuona ukishuka," akasema. "Nimeona." Akachukua kiti chake akaanza kutembea kuelekea stejini.